Mayowe ya Abdiwahab, Sasa kwa Sauti Safi

Kijiwe chetu kiko nje ya hoteli ya Osob hapa Garissa, ukutani, pale kivuli cha alasiri kinatosha watu wanne. Kahawa ya tangawizi ikifika tu, kesi inafunguliwa. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Abdiwahab. Miaka ishirini iliyopita yeye na wenzake walitoa kaseti ya magitaa mazito ya kukwaruza, kurap na mayowe. Mji ukagawanyika. Vijana waliipenda, wazee wakasema ana jini. Kaka yake Bishar, tunayemwita Jaji, akamfukuza nyumbani, naye akahamia Mandera. Sasa Jaji anaozesha binti yake Ikran wiki ijayo, na Abdiwahab hajaalikwa. Ndipo Ayanle fundi simu, yaani Waya, akaja na albamu ileile, imetolewa upya kwa sauti safi kutoka kanda ya studio, na hedifoni kubwa kama sufuria.

— Jaji, sikiza kwanza. Hii si ile kopi ya kopi. Hii hata pumzi unaisikia.

— Jini akioshwa anakuwa nini? Malaika?

— Jini haingii kwa faili safi hivi, akasema Kalla wa Wajir. Tunamwita Utafiti, kila kitu ameshakitafiti. — Jini anapenda kaseti. Anajizungusha kwa ule utepe kama nyoka.

— Warya, wewe, uliona wapi? akauliza Waya.

— Kwetu. Kaseti iliimba bila betri. Ngamia wa jirani akakataa kukamuliwa. Alipokubali, maziwa yakatoka na besi!

— Walahi huyu afungwe, akasema Jaji, lakini alicheka.

Nikachukua simu, nikasoma mwenyewe bila kusaidiwa, mimi niliyejifunza kusoma ukubwani:

— Wimbo wa tatu unaitwa "Kisima".

Kaseti zetu hazikuwa na majina ya nyimbo. Waya akauweka huo. Jaji akavaa hedifoni juu ya kofia, uso ameukunja. Kidogo kidogo mikono yake ikaanza kuvuta kitu hewani, mmoja baada ya mwingine.

— Jaji, vipi?

— Nyamazeni! Hayo si mayowe. Ndivyo baba alivyoita ngamia kunywa maji. Hapo ndoo inapanda… hapo inamwagwa. Kumbe kwa kaseti gitaa liliufunika mwito huo.

— Si nilisema! Kalla akaruka. — Hilo si gitaa, ni kamba ya kisima!

— Na ngoma ni kwato, akasema Waya.

— Kwato za ngamia mia! Studio ilijaa mavi!

Leyla, mgeni kutoka Liboi, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Adeer, akamwambia Jaji kwa heshima ya ami, kwani mlipomuuliza mwenyewe, alisemaje?

Miaka yote hiyo tumeongea, na hakuna aliyemuuliza.

Jaji akateremsha hedifoni shingoni.

— Namba yake nani anayo?

Hata Utafiti hakuwa nayo.

— Basi la Mandera linatoka saa ngapi?

— Saa kumi alfajiri! akasema Kalla.

— Saa kumi na moja, wacha uongo! akasema Waya.

— Kumi, nimetafiti!

Jaji hakungoja tukubaliane. Alishavuka barabara kwenda kukata tikiti, hedifoni ya watu shingoni.