Kikombe cha Mama Povu

Wasikilizaji wapendwa, wenye masufuria jikoni wapunguze kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Povu, mpika pombe, aliyetutoka wiki iliyopita nyumbani kwake. Jina hilo alipewa na wateja, naye aliliitikia bila kinyongo.

Mtaa mzima uliijua pombe yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na mapipa, sakafu ya saruji aliyoisugua kila asubuhi, na kitambaa cheupe cha kuchujia ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Mlevi akianza fujo, alitolewa nje kwa sikio. Tena alikuwa na desturi yake. Pombe ya kwanza kuchujwa, ile nzito, hakuiuza. Ilikuwa ya wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Aliamini inaleta maziwa, na mtaa uliamini pamoja naye. Alikibeba kikombe mwenyewe hadi kitandani, bure, akasimama pale mpaka kiishe.

Basi mkwe wake, mke wa mwanawe, akajifungua mtoto wa kike. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mkwe akalalamika kwamba mtoto analala mno na ananyonya kidogo tu. Mama Povu akacheka. Mtoto anayelala si ameshiba? Mashangazi wa mtoto nao wakaitikia.

Lakini mtoto akakonda, macho yakaingia ndani. Wakamkimbiza kliniki. Muuguzi akauliza mama anakunywa nini, akaambiwa. Akawaeleza bila kuzunguka: pombe anayokunywa mama huingia kwenye maziwa, mtoto anasinzia, ananyonya kidogo, na maziwa yasiponyonywa hupungua. Kinacholeta maziwa ni kunyonyesha mara kwa mara.

Mashangazi wakamgeukia mkwe. Mbona hakusema? Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ninapomvulia kofia Mama Povu. Mkwe wake anasimulia:

"Angeweza kunyamaza, lawama zikaniangukia mimi. Akasimama katikati yao akasema, 'Mwacheni. Alisema, mimi ndiye niliyecheka.' Nililia, jamani. Sikuwahi kutetewa vile."

Mtoto alipona. Mama Povu angeweza kuishia hapo, lakini wapi. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akapita nyumba kwa nyumba, kwa kila mzazi aliyewahi kupelekewa kikombe, akasema alikosea. Wengine walimcheka. Pombe hakuacha kuipika, alikuwa na watu wa kulisha. Ila anayenyonyesha akipita kwake, alipewa uji. Na uji wake, naambiwa, haukuwa mtamu hata kidogo.

Jirani mmoja alimfungia mlango. Huyo alikuwa amezika kichanga chake. Kama kikombe kilihusika, hakuna ajuaye, na Mama Povu hakujitetea. Alirudi kila wiki, akamjulia hali kupitia mlango uliofungwa. Juzi, baada ya mazishi, jirani huyo alituambia:

"Siku nilipofungua, hakuniomba msamaha tena. Aliniuliza mwanangu alikuwa anaitwa nani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Tukakaa, nikamtajia."

Tunawapa pole mwanawe, mkwe wake, wajukuu na mtaa mzima. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, mzazi akitwambia mtoto hanyonyi vizuri, tusiwe wepesi wa kucheka. Tukae, tumsikilize. Mama Povu alijifunza hilo akiwa mtu mzima, mbele ya watu, na hakuona haya.