Sauti Iko, Picha Hakuna

Ukitoka metro ya Porte de Namur, hapa Brussels, ukashika upande wa Matonge, utatukuta mbele ya duka la wigi lililofungwa tangu mwenyewe alipokimbia kodi, kwenye benchi ambalo manispaa iliwawekea wazee wa Kibelgiji nasi tukalitaifisha. Mwenyekiti ni Nday wa Lubumbashi, tunayemwita Ministre kwa sababu ya tai, na kwa sababu hajawahi kufanya kazi anayoweza kuieleza. Kahawa huletwa na Abdul-Aziz, Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, anayekaa Molenbeek. Huyo ni Termosi. Hajawahi kuonekana bila chupa yake, na tangawizi anayotia humo inaweza kumwamsha meya. Wa tatu ni Crispin, yaani Injenia, aliyewahi kutengeneza simu moja ikapona. Wa nne aliandikishwa Ghislain, lakini jina hilo hapa kijiweni halina kazi. Hapa yeye ni Volani, maana haachi usukani. Anasambaza vifurushi mji mzima, na akija kwetu hashuki. Anaingiza gari kwenye sehemu ya kushushia mizigo, mlango wazi, injini inanguruma, mguu juu ya breki, anapokea kikombe akiwa palepale kitini kama mfalme anayeogopa mapinduzi. Jumanne hiyo alikuja hajanyoa.

Volani: Mpaka leo haijaonyesha.

Ministre: Ile film ya maman?

Volani: Njo ile. Sauti iko, picha hakuna.

Film yenyewe ni ya mazishi. Mama yake alizikwa Likasi, kwao Kongo, mwezi wa pili, mvua ikinyesha, na familia ikakodi mpiga picha, kama inavyofanywa siku hizi, ili walioko Ulaya nao walie kwa utaratibu. Kidude cha USB kilifika Brussels ndani ya mzigo wa Yolande wa kanisani, kimefungwa pamoja na dagaa wa ndakala. Hadi leo kinanuka. Volani akakichomeka kwenye gari lake, jipya kwake na zee kwa wenzake, lenye kioo kikubwa katikati kama televisheni ya hoteli. Gari likaimba. Likalia. Halikuonyesha kitu.

Injenia: Mi nilisema tangu mwanzo, ni format. Motokari ni kama mutoto ya bazungu, haikulake kila kintu. Ubadilishe ikuwe MP4.

Volani: Nilibadilisha. Binti yangu Océane alibadilisha na ordinateur, kompyuta ya masomo.

Injenia: Na codec?

Volani: Na codec.

Injenia: Na... na ile ingine?

Termosi: Ipi, fundi?

Injenia: Ile inakuyaka kisha codec.

Ministre: Muache ufundi, ni politique. Hii inchi yote njo vile. Unapigia commune: sauti. Unapigia proprio, mwenye nyumba, juu ya chauffage haiwake: sauti, tena ya mashini. Tapez un, tapez deux, ufinye moja, ufinye mbili. Nani hapa alishaona sura ya proprio yake? Donc motokari imejifunza kwa benyewe. Muntu mweusi, mupe sauti, uso ubakie ku bureau.

Termosi: Mimi nasema kosa ni lenu. Sisi Buyenzi mtu akifa asubuhi, alasiri keshalala. Hakuna mpiga picha wa kumwambia maiti asogee kidogo kwenye mwanga.

Ministre: Shehe ameanza.

Termosi: Sijamaliza. Volani, hili gari lilikuwa la nani?

Volani: Ya muzee moja wa Gand.

Termosi: Kazi yake?

Volani: Sijue. Siku ya kuniuzia alivaa suti nyeusi.

Termosi: Basi! Mwenye pompes funèbres huyo, wa kuzika watu kwa malipo! Gari limefuata majeneza ya Flandre nzima, limechoka. Leo unaliwekea jeneza jingine, tena nje ya saa za kazi. Lisifumbe macho kwa nini?

Injenia: Hapana, hapana, mungojee. Mi nimepata. Ni hybride, ya petroli na batri, si vile?

Volani: Hybride.

Injenia: Mu batri muko nini? Cobalt. Cobalt inatoka wapi?

Ministre: Kwetu.

Injenia: Kolwezi! Barabara ileile ya Likasi! Ile motokari ni ya kwetu! Ilitolewa mu shimo, ikavushwa mayi, ikapewa papiers, ikapewa plaque ya Belgique. Sasa unaiwekea Likasi mbele ya macho. Inasema: mimi? Kule? Sikujue. Inazima!

Hapo tulicheka mpaka mama mmoja na mbwa wake wakahamia upande wa pili wa barabara. Aliyecheka kuliko wote ni Volani, akipiga usukani kwa kiganja hadi honi ikalia. Kisha akaacha, ghafla, peke yake, sisi wengine tukiwa bado tunaendelea.

Volani: Lakini minasikia byote. Minasikia chorale ya kanisa. Minasikia mvua ku bâche, ile turubai. Minasikia mpaka pelle, tchak, tchak. Asubui mu tunnel, magaribi mu ring, ile barabara ya kuzunguka muji. Sijue tu nani anaishika.

Termosi: Anashika nini?

Volani: Pelle, Termosi! Lile chepe. Kwetu udongo ya kwanza inamwagwa na mutoto ya kwanza. Mutoto ya kwanza ni miye. Alors, nani alimwaga?

Ministre: Si Noé, mudogo yako? Umuulize.

Volani: Nilimuuliza. Anasema niangalie film.

Ministre akanyoosha tai, na alipomaliza kuinyoosha akainyoosha tena.

Ministre: Bon, wewe ulituambia patron wa kazi alikatala usiende kuzika.

Volani: Alikatala.

Ministre: Hata mimi, wakati papa yangu alikufa, patron alikatala.

Termosi: Wewe hukuwa na patron, Ministre.

Ministre: Njo maana alikatala vibaya sana.

Hakuna aliyecheka, na ulikuwa mzaha mzuri. Mimi naijua mizaha, nimeiuza jukwaani miaka mingi. Ule ungeangusha ukumbi. Termosi alitazama ndani ya kikombe chake. Yeye ana mama aliyelala Buyenzi bila kamera, na hajawahi kutuambia alikuwa wapi siku hiyo. Hatujamuuliza. Kijiwe chetu kina adabu zake.

Ndipo akatokea dada mmoja, kitambaa kichwani, viatu vyeupe vya wanaotunza wazee, anangoja basi. Akatusalimia kwa salamu ya Kiislamu, akajitaja: Tasnim, wa Bujumbura, hana muda mrefu tangu ahamie Saint-Josse. Termosi kumpata mtu wa nyumbani, akasahau majirani, akammiminia hadi ukingoni kahawa yetu sote. Benchi lilikuwa limejaa, basi dada akasimama karibu na mlango wa gari, akapuliza kikombe, akasikiliza kidogo habari za codec na za cobalt. Kisha akainama.

Tasnim: Tonton, samahani. Hapa kwenye kioo si imeandikwa?

Injenia: Imeandikwa nini?

Tasnim: « Vidéo disponible à l'arrêt. Serrez le frein à main. » Yaani picha inatoka gari likiwa limesimama. Uvute tu breki ya mkono.

Naomba ieleweke kwamba pale kijiweni hakuna asiyejua Kifaransa. Ministre anaota kwa Kifaransa. Na maneno yale hayakuandikwa leo. Yalikuwa pale tangu siku ya kwanza, meupe juu ya weusi, makubwa kama bango la duka la viatu, na kila mmoja wetu alikwishaingiza kichwa ndani ya gari lile kutoa maoni yake. Injenia akachunguza kidole gumba. Termosi akafunga chupa, akaifungua, akaifunga.

Ministre: Mademoiselle, iko compliqué kuliko vile.

Tasnim: Si breki tu?

Ministre: Breki njo mwanzo. Kisha breki kuko bingine.

Tasnim: Vipi?

Ministre akageuka kumtafuta Injenia. Injenia alikuwa bado na kidole chake.

Mkono wa kulia wa Volani ulishuka hadi kwenye breki, ukatulia juu yake, na sote tukauona ukitulia. Halafu mkono wa kushoto ukapita juu yake, ukachomoa kile kidude cha USB, ukakitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akafanya hivyo bila kutazama, kama mtu avuavyo viatu mlangoni mwa msikiti. Ndipo akavuta breki. Krrk. Kwenye kioo ikatokea ramani ya Brussels, safi kabisa, na mshale mdogo usiokwenda popote.

Volani: Voilà. Umeona? Hakuna kintu.

Tasnim: Lakini umekichomoa kwanza.

Volani: Ni habitude.

Tasnim: Kila ukisimama unakichomoa?

Volani: Kila nikisimama.

Tasnim: Kwa nini?

Kwa bahati yake, kwenye kona akajitokeza mkaguzi wa maegesho na mashine yake mkononi. Volani huwatukana watu hao kwa lugha nne. Huyu alimpokea kama mkombozi. Akanirudishia kikombe kikiwa nusu, akabamiza mlango, akaachia breki, akafungua kifungo cha shati, akakirudisha kidude mahali pake. Gari likatoka. Halikufika mbali, taa nyekundu ililikamata nyuma ya basi, kioo cha dirisha kikiwa bado chini, na sauti ikatufikia yote pale benchini.

Kwanza mvua juu ya bâche. Kisha chorale, ikipungua taratibu, kama watu walioambiwa wanyamaze. Kisha mwanamume mwenye kipaza sauti:

– Mutoto ya kwanza! Ghislain! Ghislain eko wapi? Akuye hapa mbele!

Mvua. Mtu anakohoa.

– Ghislain!

Taa ikawa kijani. Gari likakata kona kuelekea kazini, na chepe likaanza, tchak, tchak, hadi matairi ya magari mengine yakalifunika.

Tasnim alikuwa bado ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Akatutazama mmoja mmoja kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

Tasnim: Huyo Ghislain ni nani?

Injenia akarudia kidole gumba chake. Ministre akageuza shingo kule yanakotokea mabasi, yeye ambaye hapandi basi. Termosi akaipindua chupa juu ya kikombe chake kitupu, akaitikisa, akaisimamisha chini katikati ya miguu yake.

– Kahawa imekwisha, akasema.