Tarumbeta Moja, Miito Miwili: Mwalimu Donatien Lusangi (1951–2024)

Wachungaji, ndugu, na ninyi majirani zetu Waislamu mliochimba kaburi hili pamoja nasi, mimi ni Gisèle, kifungua mimba wa marehemu. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana ameacha agizo linalowahusu wote.

Donatien Lusangi alizaliwa Kailo tarehe 2 Juni 1951, mtoto wa wakulima wa mpunga. Katika shule ya misioni alitolewa kwenye kwaya kwa sauti mbaya, akapewa tarumbeta. Mama yetu anasema walimu wale walikuwa na masikio.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye gare ya Kindu, kituo cha treni, na Jumapili akawa mwalimu wa kanisa la mtaa wetu karibu na reli. Alifunga ndoa na Pélagie Mauwa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto wanne.

Alipenda kufundisha manabii, hasa tarumbeta zao. Kwa Ezekieli, alisema, mlinzi akiuona upanga unakuja asipige, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Kwa Yoeli, katika sura moja tu, inapigwa mara mbili: kwanza watu watetemeke, kisha wakusanyike. Yeye alikuwa na mlio mmoja, na kwa mlio huo alituita ibadani miaka yote. Hakuna aliyeona hatari iliyokuwa hapo.

Vita ilipotuzunguka, alijitwika ulinzi wa mtaa. Alhamisi tarehe 18 Julai 2002, asubuhi, aliona wenye silaha wakija kwa kufuata reli. Akapiga kwa nguvu zake zote. Majirani Waislamu walibeba watoto wakakimbilia mtoni. Wakristo walichukua vitabu vya nyimbo wakaingia kanisani, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya maombi ya akina mama.

Baba Zuberi, jirani yetu, alipoona hivyo aligeuka njiani, akamrudia baba mbio.

"Mwalimu, watu yako wale wanaingia mu kanisa. Sisi tulijua ni hatari, wao wanazani ni ibada."

Wawili hao waliingia wakiwatoa watu kwa kuwavuta mikono. Risasi zilikuwa zimeanza. Mama Albertine, shemasi wetu mwenye magoti mabovu, alikuwa ameshakaa mahali pake pa mbele. Hakuwahi kutoka.

Tangu siku hiyo kanisa letu linaita waumini kwa kugonga jante, rimu ya chuma ya gurudumu la gari. Baba aliamuru tarumbeta ibaki kwa hatari peke yake, na haikulia tena. Alirudia swali moja: nabii amesema juu ya mlinzi asiyepiga, na juu ya watu wasiosikiliza, je, mlinzi aliyepiga akaeleweka vibaya? Tulimwambia aliokoa wengi. Hakutaka kusikia, na mimi nilikasirika sana kumwona akijitesa hivyo.

Kisukari kilimlaza Januari mwaka huu. Alipoona anazidiwa aliomba aitwe Djo, mtoto wa Mama Albertine, akamwuliza swali lile.

"Mama alisikia muzuri, Baba," Djo alisema. "Alikwenda pale ulikuwaka unamwita siku zote. Damu yake haiko ku mikono yako."

Baba alilia. Kisha akaagiza tarumbeta iletwe, akampa Djo. Alifariki tarehe 9 Machi 2024, alfajiri.

Ameacha mjane, Mama Pélagie. Watoto, Gisèle, Arsène, Béatrice na Franck. Wajukuu kumi na mmoja. Na rafiki yake Baba Zuberi, aliye hapa nasi.

Agizo ni hili. Sasa hivi Djo ataipiga tarumbeta, na najua miguu ya wengi wenu itataka kukimbia, hata yangu. Msikimbie. Leo inatukusanya. Sogeeni karibu na kaburi, nawe Baba upumzike kwa amani, zamu yako imekwisha.