Ua la Mwanakheri Limegoma

Kijiwe cha kahawa pale Ruaha kimeegemea ukuta wa Mzee Mwinshehe, chini ya dirisha la sebuleni, na asubuhi hiyo mwenye ukuta alikuwa amefura. Mkewe Mwanakheri, aliyekwenda Munisagara kumlea binti yao aliyejifungua, anarudi leo, na ua alilomwachia ndani limegeuka njano. Si ua la kuokota hilo. Mwanakheri alikata kitawi chake sebuleni kwa marehemu mama yake, akakipanda, kule Ruhembe, siku nyumba ilipobomolewa. Hakuna kingine kilichobaki.

— Nimeonewa! alifoka Mwinshehe. Kila alfajiri nalinywesha kopo zima, mimi mwenyewe sijaonja hata chai. Halafu linanilipa hivi?

— Husuda hiyo, mzee, alisema Goodhope, aliyeitwa Daktari tangu alipomchoma mbuzi sindano akapona. Kuna mtu kapita hapa kalisifia.

— Husuda wapi? Njaa! alidakia Kasian, Bwana Miwa, ambaye kwake kila chenye jani ni muwa. Juzi nimepitisha mkono dirishani, nikalitupia konzi ya mbolea ya urea na maji mpaka juu. Bila mimi lingeshakufa.

— Na mimi kila jioni nalimwagia maji ya kusuuzia vikombe, alisema Daktari. Kahawa inachangamsha! Lakini mzee, mimi naona limegoma. Linamsubiri mwenyewe.

— Ligome ndani ya nyumba yangu? Nalilisha mimi, halafu ligome?

Bodaboda ikasimama. Mwanakheri akashuka na furushi lake.

— Shikamoo, mama! walimwamkia Daktari na Bwana Miwa.

— Marahaba.

Macho yake yalikuwa dirishani. Akaingia ndani, akatoka na chungu, akakiinamisha mbele ya benchi. Maji meusi yakamwagika juu ya kandambili za Mwinshehe, yakinuka uozo.

— Baba Zainabu, alimwambia mumewe, nilikwambia maji ni Ijumaa kwa Ijumaa. Mama alilimwagia hivyo maisha yake yote.

Akawatazama wote.

— Kuna hata mmoja hapa ambaye hakulimwagia?

Daktari aliangalia kikombe chake. Bwana Miwa alikohoa. Mwinshehe, aliyetafuta mchawi tangu alfajiri, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mwanakheri alikwisha kuchutama, anapekua shina moja moja, akitafuta japo tawi moja lenye uhai.