Aliyejifunza Kusema Kumi

Ijumaa ya tarehe thelathini, saa kumi jioni, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo atavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja kazini. Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, atarudi hapa hapa hospitalini akiwa mgonjwa, kufunguliwa goti la kushoto kwa mara ya tatu. Kamati ya sherehe iliagiza wasifu wa furaha. Tumejitahidi, lakini hiyo Jumatatu inachungulia kila aya.

Wagonjwa humwita Mama Mara ya Mwisho. Humwambia mtu akunje mguu kwa mara ya mwisho, kisha hufuata mara ya mwisho nyingine, na nyingine tena. Seremala mmoja, jasho likimchuruzika, aliuliza mama huyu alifundishwa kuhesabu na nani.

Alianza na chumba kimoja, mikeka miwili na vyuma vya kushikilia, kimoja kikicheza kama jino bovu. Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: MWAMINI HALII. Wagonjwa waliisoma, wakang'ata taulo, wakatembea. Waliopona hatuwezi kuwahesabu. Taulo zilizotoboka, mtu wa stoo anazikumbuka.

Miaka sita iliyopita aliteleza kwenye korido iliyotoka kupigwa deki. Kibao cha kuonya kilikuwepo, ila alikuwa amekisogeza mwenyewe ili kiti cha magurudumu kipite. Goti likavunjika, likafanyiwa upasuaji, na akaletwa kufanya mazoezi katika chumba kile kile cha kazi yake, mikononi mwa binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Utaratibu wetu ni kumwuliza mgonjwa maumivu yake ni namba gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Yeye alijibu sifuri. Sifuri, mwanangu, ongeza. Wiki tano nzima, sifuri. Aliona kutaja namba nyingine chini ya karatasi ile ni kumwaibisha Mungu. Wiki ya sita alipandwa na homa. Goti lilikuwa limejaa usaha. Likafunguliwa tena, na mguu ukanusurika kwa tundu la sindano.

 Siku ya nne wodini, yule binti alimwuliza namba, kwa mazoea tu, akitarajia ile ile. Mama akageukia ukuta akasema kumi, kisha akalia kwa sauti iliyotufanya sisi wa masjala, milango miwili mbali, tuache mafaili na kusimama. Binti akamshika mkono.

Baadaye alikisimulia kikundi cha maombi cha Jumatano kwamba miaka yote alikuwa akimpelekea Mungu taarifa zilizopigwa pasi. Siku ile alipeleka ya kweli, na kwa mara ya kwanza akahisi imepokelewa. Maumivu hayakwisha, yalishuka hadi tisa. Alisisitiza: tisa. Waliokuwa wakisubiri muujiza mkubwa zaidi wakakohoa.

Aliporudi kazini aliibandua karatasi. Alama ya gundi ipo mpaka leo. Tangu hapo huuliza namba mbili, ya maumivu na ya woga, kisha huketi kando ya mgonjwa. Anayetaka kuomba, wanaomba pamoja. Anayetaka kulia, taulo ni ya kufutia machozi. Wagonjwa watatu waligunduliwa usaha mapema kwa sababu tu walithubutu kutaja namba kubwa.

Sasa goti limevimba tena, na daktari wa upasuaji hakuahidi kwamba mguu utabaki. Sisi, kwa wema wetu, tunapishana mlangoni kumwambia usijali mama, yataisha. Hututazama kama mtu anayesoma karatasi yake ya zamani.

Jumatano iliyopita, mbele ya kikundi, binti alimwuliza namba zake. Goti, nne. Woga, tisa na nusu. Nusu ya nini tena, mama? Akasema ile nusu iliyopungua kufika kumi ameshamkabidhi Bwana. Iliyobaki ataipeleka kidogo kidogo, kwani goti lenyewe halibebi mzigo wote kwa safari moja.

Mama, asante kwa miguu yote uliyoirudisha barabarani. Jumatatu tutakuwa koridoni, na kibao cha kuonya hatakisogeza mtu. Tunakutakia maisha mema, marefu, yenye ngazi chache. Na kwa kuwa umetufundisha kusema kweli, namba yetu ya woga ni kumi.