Tajudin wa Kisenyi Anaweka Chuma Chini

Anastaafu! Tajudin wangu anastaafu! Mwisho wa mwezi huu wa Januari 1978 anafunga miaka ishirini na moja ya kuendesha ukumbi wa mazoezi wa Kisenyi, hapa Kampala, tawi la kwanza na tawi bora la Kampuni ya Mwili Imara. Atakayesema la Bukoto ni bora, aje aniambie mimi mwenyewe.

Haya, sasa nawasalimu. Assalamu alaykum Waislamu wenzangu, na ninyi wengine wote hamjambo. Mimi ni Rahima, mama yake. Wengi mnanijua kwa birika langu la chai na kabalagala zangu, vile vitumbua vya ndizi, pale mlangoni. Desturi ni kwamba maneno ya kumuaga mstaafu yaandikwe na mwenzake wa kazi, na kweli Mumbere, mkufunzi wetu, aliandika, akaniletea nisikie. Alisema Tajudin ni "mtu mwenye bidii na mpenda usafi." Nikamwambia, Mumbere baba, hayo hata ufagio huambiwa. Lete kalamu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mtoto nilimzaa mimi.

Tajudin amezaliwa hapahapa Kisenyi, wazee wake wakiwa wametoka pwani kwa biashara na kunogewa wasirudi. Nilimzaa nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Mkunga alipompokea alisema, "Rahima, huyu umemzaa akiwa amekwisha kula." Alipoota meno ya pili alimbeba mbuzi wa Idi begani kutoka sokoni mpaka nyumbani, na mbuzi mwenyewe akaona haya, hakulia. Nguvu hizo za kwetu, si za kwa baba yake. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akiomba msaada kufungua dirisha.

Mwaka 1957 alifungua ukumbi. Nieleze vizuri kwa wageni: jengo ni lake, vyuma ni vyake, benchi ni zake, jasho lake. Jina peke yake ndilo la kampuni, na kwa ajili ya jina hilo kila mwezi hupeleka ada makao makuu, Barabara ya Kampala. Na mkataba ni mkali. Mwenye tawi akishindwa kulipa ada miezi mitatu mfululizo, kampuni inachukua ukumbi pamoja na vyuma vyake.

Kazi aliyoifanya humo ndani mmeiona kwa macho. Vijana wa magereji waliokuwa wakipigana mitaani aliwafundisha kupigana ndani, kwa zamu, wamevaa glavu. Muuza nyama mmoja aliyetembea amejikunja kama herufi, leo amenyooka mpaka mkewe analalamika kwamba haoni kilicho mezani. Mumbere mwenyewe alifika kutoka Kongo akiwa na shati moja na mbavu unazoweza kuzihesabu toka ng'ambo ya barabara. Mtazameni sasa, mlango anaupita kwa ubavu. Ila nisiseme sifa tupu, mtasema mama anatia chumvi. Jitu langu hilo linaogopa sindano. Daktari akishika bomba tu, Tajudin anaanza kuuliza habari za familia yake.

Sasa nifike kwa Bwana Augustin, maana hapo ndipo mwanangu alipoonyesha yeye ni mtoto wa nani.

Mwaka wa sabini na mbili mwenye kampuni wa kwanza, Mhindi mmoja aliyejua kila chuma kwa uzito wake, aliondoka pamoja na wenzake kwa sababu mnazozijua. Kiti chake kikapewa Bwana Augustin, mmoja wa hawa tunaowaita mafuta mingi, waliolala jana wakaamka leo na duka. Tumbo lake huingia kwanza, likasalimiwa, halafu yeye akafuata. Sijawahi kumwona akinyanyua kitu kizito kuliko glasi. Lakini ndiye mkurugenzi wa kampuni ya misuli, nani atauliza?

Alikwenda safari Ulaya, akarudi na hekima. Aliiita Wiki ya Kuonja. Kuanzia siku hiyo kila tawi, litake lisitake, limkaribishe mtu yeyote afanye mazoezi wiki nzima bure, ili akionja utamu ajiandikishe. Wenye matawi wakauliza, na ada yetu kwenu je, itapungua? Akajibu, "Ada ya jina haionjwi."

Basi wakaja kuonja. Loo! Nyinyi mnakumbuka sabuni ilivyokuwa imeadimika mjini, ukiitaka lazima uipate kwa magendo, nusu kipande kwa bei ya shati. Na Tajudin kwa usafi wake alikuwa akiweka sabuni bafuni. Habari zilipofika bondeni huko, walioonja vyuma walikuwa wachache, wengi walionja sabuni. Mtu anaingia mlangoni, anagusa chuma kimoja kwa kidole, anapangusa jasho ambalo halipo, huyo bafuni. Mmoja alikuja na watoto wake wanne na shuka mbili za kufua.

Wiki ikiisha, wanahamia tawi la Bukoto kwa Kasereka. Wakitoka huko wanateremka Port Bell kwa Obonyo. Wakimaliza Port Bell wanarudi Kisenyi wakiwa wageni wapya kabisa. Kuna kijana mmoja nilimkamata mlangoni.

"Mama, mimi mgeni," akasema.

"Mwezi uliopita si ulikuwa Sulaimani wewe?"

"Huyo pacha wangu, mama."

"Na yule wa kabla yake, Yusufu?"

"Tulizaliwa watatu, bambi, nihurumie."

Shingo yake sasa ni nene kuliko kichwa, na hajawahi kumaliza wiki yake ya kwanza. Wale wenye buti siwataji. Hao walikuwa wakionja tangu zamani, bila tangazo.

Wanachama wanaolipa wakaanza kuondoka, maana benchi hazipatikani, na anayelipa hapendi kumngoja asiyelipa. Tajudin akawachukua Kasereka na Obonyo wakaenda makao makuu. Kasereka akasema, "Bwana Mkurugenzi, watu hawa wanaonja tangu mwaka jana na hawajashiba." Augustin akacheka akasema mteja akionja atarudi. Obonyo akajibu, "Wanarudi, mkubwa. Ndiyo shida yenyewe." Walifukuzwa kabla ya chai kuletwa.

Mwezi wa kwanza baada ya hapo ada ilikwama. Wa pili haikwenda kabisa. Ndipo akaanza kuja shemeji yake Augustin, kijana mmoja wa viatu vya kisigino kirefu. Hanunui chai, hagusi chuma, anazunguka tu akipima kuta kwa macho. Siku moja akamuuliza Mumbere kama pale kwenye gunia la ngumi panaweza kutosha kaunta ya bia. Kwenye ukumbi wa mwanangu! Hatua chache kutoka msikitini! Nilimmwagia majani ya chai kwenye vile viatu, na sikuteleza.

Sasa mnisikilize vizuri. Mchora matangazo wa kampuni ni Lubowa, mtu mpole, mkono wake mzuri, lakini Kiswahili chake kimenyonya Kiganda. L na R kwake ni ndugu wa tumbo moja, amwite yeyote, atakayeitika ndiye. Tangazo la kwanza la wiki ile aliliandika ONJA BULE. Mji mzima ukacheka. Augustin akamgombeza mbele ya watu: "Ni R, wewe! R! Ulimi wako ukitaka L, andika R!" Lubowa akatii. Mtu mpole anatii.

Kwa hiyo Augustin alipoamuru kitambaa kikubwa cha kutundikwa ukumbini kwetu Kisenyi, karibu na stendi ya teksi, aliagiza kiandikwe: KULA CHUMA BURE, WATU WOTE, WIKI NZIMA. Vijana wetu huita mazoezi kula chuma, naye alitaka kuonekana kijana. Lubowa akakumbuka somo lake la R. Tena akasahau neno chuma, akaja kulibana pembeni, dogo kama chawa. Asubuhi tukaamka tukakuta juu ya mlango wetu, kwa rangi nyekundu ya kuonekana mpaka mlimani:

KURA BURE WATU WOTE WIKI NZIMA.

Kula ni kula. Kura ni ile ya kuchagua viongozi, ambayo nchini kwetu miaka hii imepumzika. Sisi tuliotoka pwani hatuzichanganyi hata tukiwa na homa. Nikamwita.

"Tajudin, unaona ninachokiona?"

"Nakiona, mama."

"Basi kitoe!"

"Mkataba, mama. Kilichotundikwa na makao makuu, tawi halikigusi. Nikikigusa watapata sababu ya kuuchukua ukumbi leo leo."

Alipiga simu. Niko hapo, nimesikia. Hakufika hata nusu ya sentensi, Augustin akanguruma, "Tawi halihoji tangazo!" akakata. Basi mwanangu akaingia ndani akapanga vyuma vyake.

Watu wakaanza kukusanyika. Hakuna aliyecheka safari hii. Wanasimama, wanasoma, wanatazamana, wanasoma tena. Mzee mmoja alikuja na kanzu safi na koti, akauliza sanduku liko wapi. Tajudin akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, humu mna vyuma tu." Mzee akavitazama akasema, "Kale, haya, si haba. Mimi namchagua yule mzito."

Kabla ya adhuhuri wakafika wageni wa miwani myeusi. Walikuwa na adabu. Walimwalika Tajudin kwa mazungumzo, wakamletea gari mpaka mlangoni, wakamfungulia nyuma. Nyuma kabisa, panapowekwa mizigo. Nikaachwa nimeshika kabalagala ambayo sijui nilikuwa nampa nani. Birika likachemka, likakauka, likaungua chini, na mimi nimekaa. Mumbere akasema, "Mama, ingia ndani." Nikamwambia, nikiingia ndani, akirudi atamkuta nani?

Huko kwenye mazungumzo, nimeambiwa, mwanangu alikuwa na jibu moja tu: kitambaa si changu, mkataba unanikataza kukigusa, mwenyewe yuko Barabara ya Kampala. Waliuliza hivi, akajibu hivyo. Waliuliza vingine, akajibu hivyohivyo. Mwishowe wakaona ni adabu wamtembelee na huyo mwenyewe.

Jamani, Bwana Augustin alikuja Kisenyi kwa miguu yake! Tai imerukia mgongoni, kiatu kinamwimbia. Akapanda benchi ya mazoezi, mara yake ya kwanza tangu awe mkurugenzi, akalivamia lile tangazo kwa kucha na meno huku akilia, "Hakuna bure! Hakuna kuonja! Matawi yote! Hakuna!" Benchi ikayumba, akaanguka nalo, akafunikwa na WATU WOTE. Aliyemtoa ni Mumbere, kwa mkono mmoja. Tangu siku ile Mwili Imara haijatangaza kitu, hata saa za kufungua.

Tajudin alirudi kesho yake jua likizama. Kiatu kimoja. Akasema, "Mama, kuna chai?" Nikamwambia chai ipo, sukari haipo. Akanywa vikombe vyote. Hakunieleza walizungumza nini, nami sikumuuliza. Ila tangu siku ile mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Yeye anasema ni chuma cha miaka mingi. Nami naandika hapa kama anavyosema: ni chuma cha miaka mingi.

Waonjaji walitoweka na mapacha wao. Wanachama wakarudi, ada ya miezi yote miwili ikapelekwa kabla ya wa tatu kwisha, na Kasereka na Obonyo wakapumua huko kwao. Mambo ambayo wakubwa watatu wa matawi walishindwa kuyapata kwa kuomba, mwanangu aliyapata kwa kutii. Mnitafutie mama mwingine Kampala mwenye mtoto wa namna hiyo.

Lakini asiyeweza kuinua mkono hawezi kufundisha wengine kuinua, na Tajudin si mtu wa kukaa kwenye kiti akipiga filimbi. Ameamua kumwachia Mumbere. Atafuga kuku, amesema, na tayari kuku wanamwogopa.

Tajudin, baba yangu, wenzako wote wanasema ahsante, nami nimebeba ahsante zao kwenye kalamu hii. Umetunyoosha migongo, umetuogesha wengi, umetulinda bila kelele. Mungu akupe kulala vizuri, akupe chai yenye sukari, na huo mkono upone.

Sasa sikieni, hili si la sherehe tu. Mkataba unasema mwenye tawi anayeondoka anaweza kumkabidhi mwenzake ukumbi, mradi amkabidhi mbele ya wanachama. Bila wanachama, ukumbi unakwenda makao makuu. Mumbere ni mtu wa Kongo, hana mjomba ofisini wala shangazi kambini. Na yule shemeji, nimesikia, ameshonesha suti na anaulizauliza siku. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie alikuwa na mgonjwa au mvua. Wagonjwa waleteni, mvua tutaikalia. Tunataka macho mengi, mengi kupita miwani yoyote, yaone ufunguo ukitoka mkono wa Tajudin ukiingia mkono wa Mumbere: Jumamosi, tarehe 28 Januari, mara baada ya alasiri, ukumbini Kisenyi.