Shangazi wa Meza ya Shaba

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, fundi mkuu wa karakana ya elektroniki ya chuo chetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Katika jalada lake la ajira ana cheo kirefu kinachojaza mstari mzima. Nje ya jalada hilo, kuanzia lango kuu hadi jikoni, anaitwa Shangazi. Jina hilo lililetwa na mtoto wa kaka yake aliyesoma hapa zamani. Siku ya kwanza darasani alisahau yuko wapi, akanyoosha mkono na kumwita kama alivyozoea kumwita nyumbani. Darasa lilicheka, na wiki haikwisha kabla ya mkuu wa chuo wa wakati ule naye kuanza kumwita hivyo hivyo.

Aliajiriwa kutengeneza vipaza sauti vya ukumbi na redio za ofisini. Kazi hiyo aliifanya vizuri, lakini siyo itakayomfanya akumbukwe. Atakumbukwa kwa meza moja ndefu iliyo chini ya dirisha la karakana, tunayoiita meza ya shaba, na kwa darasa la kila Alhamisi jioni ambalo mlango wake haukuwahi kufungwa kwa mtu yeyote. Mpishi alikaribishwa, mlinzi alikaribishwa, mhadhiri wa hesabu alikaribishwa. Sharti lilikuwa moja: uje na shida ya nyumbani kwako, uondoke na bodi ya saketi uliyoichora na kuilehemu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa wasiowahi kuketi pale, inafaa nieleze. Bodi ya saketi ni kile kibamba unachokikuta ukifungua redio: upande mmoja vimesimama vipande vya elektroniki, upande wa pili zimelala njia nyembamba za shaba zinazopeleka umeme kutoka kipande hadi kipande. Wengi hudhani kitu kama hicho huzaliwa kiwandani tu. Shangazi humpa mwanagenzi kibamba kilichofunikwa shaba tupu, bila njia hata moja, na kumwambia kwamba njia zote zimo humo tayari, kazi yake ni kuondoa shaba isiyotakiwa.

Huanza na penseli na karatasi ya miraba. Mwanagenzi hupanga vipande vyenyewe juu ya karatasi, huvihamisha na kuvizungusha, hadi njia zote zipite bila kukatana. Zikikataa kabisa, hapana budi kujenga daraja la waya. Shangazi huruhusu daraja moja, na anayetaka la pili huulizwa kama anajenga bodi au barabara kuu. Mchoro ukikamilika hugeuzwa: karatasi hubandikwa kwenye kioo cha dirisha, na mistari hufuatishwa kwa wino upande wa nyuma. Kisha hutolewa fotokopi kwenye karatasi ya kung'aa, nakala hulazwa juu ya shaba na kupigwa pasi ya nguo. Wino huhama kwa joto, na pale kibamba kinapotumbukizwa kwenye beseni la dawa inayokula shaba, njia zilizofunikwa na wino ndizo zinazosalimika. Ule mgeuzo wa dirishani una sababu yake. Kinachohamishwa kwa pasi hutua kimegeuka, kulia kuwa kushoto, kama maandishi ya muhuri. Kwa hiyo hugeuzwa kabla, ili pasi ikigeuza tena kirudi sawa.

Mambo ya pasi yana historia yake nyumbani kwa Shangazi, kwa kuwa mumewe ni fundi cherehani. Kwa muda mrefu watu hao wawili walitumia pasi moja kwa amani, hadi shati jeupe la mteja liliporudi na saketi hafifu ya kijivu juu ya mfuko. Mteja aliuliza kwa heshima kama hiyo ni nembo mpya ya duka. Siku iliyofuata mume alinunua pasi ya pili, akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu SI YA NGUO, na kumkabidhi mkewe mbele ya wateja wake wote.

Wapo watakaoandika kwamba Shangazi ni mvumilivu. Mimi napinga. Ni mvumilivu kwa watu, hana hata chembe ya uvumilivu kwa kiungo kibovu cha lehemu, yale madini laini yanayoyeyushwa kushikisha kipande kwenye shaba. Kanuni yake ni kwamba ncha ya moto ya chuma cha kulehemu iguse mguu wa kipande na shaba kwa pamoja. Vyote viwili vikishapata joto ndipo lehemu ipelekwe, iyeyuke yenyewe na kuukumbatia mguu. Anayeyeyusha lehemu kwenye ncha kisha akaibandika juu ya shaba baridi huambiwa kwamba hapaki siagi. Kiungo kizuri hung'aa na kupanda taratibu kama kilima. Kilichokaa kama kidonge huondolewa hapo hapo, hata kama mwenye bodi ni mhadhiri mwandamizi na bodi imeshaanza kufanya kazi.

Kwa watu, lakini, ni mtu mwingine kabisa. Mlinzi wetu wa lango alitengeneza taa inayojiwasha giza linapoingia, akaipachika kwa fahari juu ya kibanda chake. Jioni ile taa iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima, hadi wapita njia wakadhani anawaita. Alikuwa ameelekeza jicho la kuonea mwanga kwenye taa yenyewe: ikiwaka inajiona, inadhani kumekucha, inajizima, ikizima inaona giza, inaamka tena. Shangazi alikwenda langoni, akaketi, akaitazama kwa furaha ya dhahiri, halafu akamwambia mlinzi asiiguse mpaka yeye mlinzi mwenyewe aseme taa inafikiri nini. Mlinzi alisema. Kisha akaligeuza jicho.

Nimesoma vitabu vingi vya fani hii na nimebishana na Shangazi karibu kwa kila ukurasa. Hoja yangu ilikuwa kwamba siku hizi bodi huchorwa kwa kompyuta na kuagizwa kiwandani, ikaja safi kuliko chochote kitokacho kwenye beseni. Jibu lake lilikuwa fupi: "Agiza, mwanangu, nani kakuzuia? Ila anayeanza, ukimletea bodi imekamilika, atajuaje kwa nini njia ile imezunguka pale?" Bado naamini kwamba bodi ya tabaka nne haipigwi pasi ya nguo, na Shangazi mwenyewe anakubali. Ubishi wetu ulihusu mwanzo wa kujifunza, na katika huo, matukio ya mwaka jana yalinipunguzia hoja.

Mwaka jana ilipendekezwa kwamba meza ya shaba iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na madawati ya ziada ya mitihani. Mtoa hoja alikuwa mhasibu wa chuo, mtani wa Shangazi wa miaka mingi, aliyedai kwamba dawa ya beseni itakula shaba, ikimaliza itakula sakafu, kisha itatula sisi. Shangazi alimjibu kwamba yeye asiwe na wasiwasi, dawa inakula shaba tu, na yeye hana thamani hiyo. Watu walicheka, lakini pendekezo halikucheka. Shangazi alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Alijua vyema kwamba meza ikiondolewa yeye akiwapo, hakuna atakayeirudisha akishaondoka, na Alhamisi zitakwisha naye.

Aliomba asubuhi moja tu. Mbele ya mkuu wa chuo na mhasibu, yeye na wanagenzi wake wangetengeneza king'ora cha tangi la maji, kinacholia tangi likijaa, kuanzia mchoro hadi mlio. Tangi lenyewe lilichaguliwa kwa makusudi: ni lile linalojaa na kumwagika kwenye ngazi za ofisi ya uhasibu. Ili asionekane mtu wa kale, alikubali kwa mara ya kwanza mchoro uchorwe kwa kompyuta.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo mtu wa meza nyingine asingeweza kulifanya. Shangazi huchora bodi akiitazama kutoka upande wa shaba. Kompyuta huichora ikitazamwa kutoka upande wa vipande, kwa hiyo mchoro wake hauhitaji kugeuzwa kabla. Pasi huugeuza mara moja, na mara hiyo moja inatosha. Lakini mkono uliogeuza michoro dirishani kwa miaka yote ile ulibofya alama ya kugeuza bila kumwomba ruhusa mwenye mkono.

Hakuna aliyeona. Pasi ilipita, dawa ilikula, matundu yalitobolewa, bodi ikatoka nzuri kama picha. Katibu muhtasi wa mkuu wa chuo, aliyekuwa mwanagenzi wa muhula uliotangulia, alipewa heshima ya kupachika kichipu, kile kipande cheusi chenye miguu minane, minne kila upande. Kichipu cha namna hiyo kina kitone kinachoonyesha mguu wa kwanza, unaotazamana na wa nane. Alikiweka, akakitoa, akakiweka tena. Kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia:

"Shangazi, mguu wa kwanza umekalia nafasi ya wa nane."

Shangazi aliichukua bodi, akaiangalia pande zote mbili, akaelewa. Mkuu wa chuo aliuliza kama kuna tatizo. Angeweza kusema lolote, maana wageni wake hawakujua kitone ni nini.

"Lipo, mkuu," alisema. "Nimegeuza kisichogeuzwa. Bodi yote imetoka kinyume, na aliyekosea ni mimi."

Mhasibu alitamka, bila ubaya, kwamba kiwanda kikimletea mzigo wa namna hiyo huwa anaurudisha. Shangazi alimwambia aurudishe, halafu asubiri mwingine huku maji yakiendelea kumwagika mlangoni kwake. Kisha akawageukia wanagenzi na kuwauliza wafanyeje, na kutokana na uso wake sidhani kama lilikuwa swali la mwalimu anayeficha jibu. Alikuwa na hofu, na alihitaji msaada.

Aliyejibu ni katibu muhtasi. Aliishika bodi, akaipindua, akafikiri. Alisema kwamba iwapo bodi imegeuka, basi nao wageuke: vipande visisimame upande wa kawaida, visimame upande ule ule wa shaba, na kila mguu utajikuta umerudi kwake. Shangazi alimpisha kiti na kumwachia chuma cha kulehemu.

Kulehemu kichipu upande ule ule kilipokaa si kazi ya anayeanza, kwa kuwa mwili wake unafunika viungo. Katibu alikiinua kidogo juu ya shaba, kama mtu aliyepandisha suruali ili avuke dimbwi, akapitisha ncha chini ya tumbo lake, mguu baada ya mguu. Alipomaliza, nyaya mbili za king'ora zilitumbukizwa kwenye glasi ya maji iliyokuwa mbele ya mkuu wa chuo, na kifaa kikalia kwa nguvu kiasi kwamba mkuu aliiondoa glasi kabla hajacheka. Mhasibu aliomba kiletwe kwenye tangi siku hiyo hiyo. Kipo hadi leo, na ngazi zake ni kavu.

Uamuzi ulikuwa wa haki, nao ulikuwa mgumu. Meza ingebaki, alisema mkuu wa chuo, iwapo Shangazi akistaafu atakuwapo mtu wa kufundisha hapo. Wenye vyeti tulijikuta kila mmoja na ratiba yake; mimi niliahidi saa za kompyuta, si zaidi. Katibu muhtasi alipoombwa alikataa, akisema kazi yake ni kuandika barua za watu. Alipoombwa tena alikataa tena, na Shangazi hakumsihi. Alichofanya ni kuanza kuchelewa. Alhamisi moja foleni ilimzuia, nyingine alikuwa na mgeni, nyingine hakutoa sababu yoyote. Wanagenzi wapya hawawezi kukaa bure, na ufunguo wa kabati la vifaa, kwa bahati ambayo sijawahi kuiamini, ulikuwa daima mezani kwa katibu. Kwa hiyo darasa lilianza, na likawa linaanza hivyo kila wiki.

Alhamisi iliyopita, ya mwisho katika ajira yake, Shangazi aliwahi. Aliketi kiti cha nyuma, mikono mapajani. Mkutubi, mwanagenzi wa wiki ya pili, alimfuata na bodi yake ili amkagulie kiungo.

"Mimi leo nimekaa tu," Shangazi alimwambia. "Mpelekee mwalimu wako."

Mkutubi alikwenda. Katibu aliisogeza bodi kwenye mwanga, akakitazama kiungo kile, akasema kiyeyushwe upya, na kwamba safari hii shaba ipate joto kwanza. Hakugeuka nyuma kuangalia kama amesema sawa.

Shangazi, kwa niaba ya wote uliowafundisha, na wote uliobishana nao wakakushinda mara chache mno, tunakushukuru. Tunakuombea afya njema, siku ndefu pamoja na mume wako na mashati ya wateja wake, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu anayeuliza mita ya kupimia umeme imewekwa wapi. Ukituwaza Alhamisi yoyote, njoo. Kiti utakikuta. Meza ina mwenyewe.